Limbukeni Zizini

Jumatatu, 3 Machi
Maziwa ya leo: kikombe na nusu. Kwa ng'ombe huyu huyu mke wangu Wambui hujaza sufuria. Ndoo imepigwa teke mara mbili. Miaka thelathini nimeendesha lori la viazi kutoka hapa Molo, sijawahi kukamua. Yeye yuko hospitalini Nakuru, amepasuliwa tumbo. Nyumba haina joto.

Jumatano, 5 Machi
Wambui amepiga simu, anaulizia ng'ombe. Nimesema yuko sawa. Uongo. Chuchu moja imevimba, ina moto. Maziwa yana mabonge. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari wa mifugo amekuja. Ugonjwa wa kiwele. "Mzee, unaachanga maziwa ndani. Kamua mpaka yaishe."
Nilikuwa namwachia kidogo, nikimhurumia. Dawa siku tatu, kukanda kwa maji moto. Isipopona, chuchu hiyo basi tena. Wambui alimlea huyu ng'ombe tangu ndama. Nimeona aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda Nakuru kumwambia mwenyewe. Nilitarajia hasira. Nikaeleza yote, hata ile huruma. Alicheka mpaka akashika mshono.
"Baba Njeri, wewe ni limbukeni."
Amefundisha Kiswahili maisha yake yote, neno halitupi ovyo. Nikauliza kama ni tusi.
"Inategemea anayesema. Aliyenunua simu jana na leo anataka kila mtu aione, huyo akiitwa limbukeni anatukanwa. Lakini pia ni mtu anayeonja kitu mara ya kwanza. Hajui, na hana ubaya. Wewe ni huyo."
Akakishika kidole changu kama chuchu, akanifundisha kukamua. Bana juu, shuka taratibu. Wodi nzima ilitutazama. Sikujali.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nimekanda mara nne. Nimemwomba ng'ombe msamaha, kwa sauti.

Jumatano, 12 Machi
Kiwele kimelainika. Hakuna mabonge. Daktari amesema bado nimwage maziwa kwa sababu ya dawa. Namwaga nikifurahi.

Ijumaa, 14 Machi
Wambui yuko nyumbani. Amekonda. Alasiri tumekaa juani, shuka mabegani mwake. Ameniuliza lori lenye mzigo huteremkaje ule mlima wa Mai Mahiu, na kama huwa naogopa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza, nami sikuwahi kusimulia. Nimemwambia naogopa kila mara. Akasogeza kiti karibu. Nikaanzia pale juu, mteremko unapoanza.