Baba Amekaa kwa Amri Yako

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Agosti 1976

Mpendwa kaka Severine,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, pamoja na wifi Agnesi na watoto. Kile kikohozi cha mdogo wao kimekwisha? Sisi huku tupo. Mama hajambo, ila mgongo unamsumbua asubuhi. Mimi nina afya, isipokuwa silali vizuri, na sababu utaijua sasa hivi. Hali ya Baba naieleza peke yake, maana ndiyo iliyonikalisha hapa mezani.

Kwanza nikiri kosa langu. Telegramu niliyokupelekea mwezi uliopita ilisema Baba ameanguka kwenye mazoezi, basi. Nilikuwa nabana maneno, maana posta wanahesabu kila neno. Ningeongeza maneno matano tu, leo nisingekuwa naandika haya.

Unajua mimi ni katibu wa kamati ya afya ya mtaa. Mwezi wa sita tulikubaliana kwamba wazee nao wawe na mazoezi, kwa sababu wengi wakishastaafu wanakaa kitako tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha usiku. Nia ilikuwa nzuri. Lakini sote pale mezani mazoezi tuliyoyajua ni yale ya shuleni, kwa hiyo nikaandika tangazo: wazee wote kuanzia miaka hamsini na mitano, mchakamchaka, kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kutoka Mnazi Mmoja mpaka Gerezani na kurudi. Tukamweka mwalimu Leodegar awaongoze nyimbo, na tukatengeneza daftari la mahudhurio. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama mtu wa miaka sitini na minane anaweza kukimbia huku anaimba.

Baba alianguka Jumamosi ya pili, siku tatu baada ya Saba Saba. Alikuwa anakimbia mbele, kaka, mbele kabisa, na nyimbo anaitikia. Magoti yalimwisha nguvu pale pale Gerezani, karibu na karakana ya reli alikofanya kazi miaka yote ile. Nilipomuuliza hospitali kwa nini hakwenda polepole alinijibu, "Tangazo lilikuwa na jina lako chini. Ningebaki nyuma, watu wangesemaje?"

Daktari alimlaza siku mbili. Alisema moyo hauna tatizo, goti limeteguka, na asikimbie tena maishani. Lakini alisema na jambo la pili, ambalo ndilo sikuliweka kwenye telegramu: atembee kila siku, polepole, na akichoka apumzike. Akikaa tu, miguu itamfia.

Kabla sijapata nafasi ya kukueleza hayo, telegramu yako ikamfikia Mzee Nassibu, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati. Ilisema Baba asitoke nje. Mazoezi ya wazee yakome. Mzee Nassibu aliisoma mbele ya kamati nzima, akaikunja, akaitia mfukoni. Baba alipoambiwa, alisema mtoto wake wa kwanza ameshasema, basi, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha kamba. Hii ni wiki ya nne. Sikukuandikia mara moja kwa sababu nilijidanganya kwamba Mzee Nassibu nitamweza mwenyewe.

Nimekukasirikia, kaka, sitaficha. Umetoa amri kutoka Mwanza juu ya mtu ambaye hujamwona tangu Krismasi. Halafu nakumbuka kwamba aliyekutia hofu ni mimi, na hasira inanirudia. Miguu ya Baba imevimba. Jana alikwenda uani ameshika ukuta, akasimama kupumzika mara mbili, na uani penyewe unapajua, hatua kumi.

Unamkumbuka Mama Indumati, mjane wa marehemu Vallabhdas wa duka la vitambaa? Ana miaka sabini na mmoja, na kila asubuhi anatembea kutoka hapa mpaka hekaluni Kisutu na kurudi. Wiki mbili zilizopita nilimfuata nione anawezaje. Anatoka mapema kabla malori hayajaanza kushusha mizigo ya soko. Akifika baraza ya tatu au ya nne anaketi, anasalimiana na wenye nyumba, anainuka, na mbele huko anaketi tena. Hana haraka na mtu. Nilirudi nyumbani nikaona aibu, maana dawa ya Baba ilikuwa inapita mlangoni kwetu kila siku.

Kwa hiyo nikaandika pendekezo jipya. Wazee watembee, wasikimbie. Daftari litupwe. Na wenye nyumba za njiani waache baraza zao wazi mpaka saa mbili asubuhi, bila magunia wala makreti, ili mzee akichoka apate pa kukaa. Kasmir wa viazi, Mchaga mwenzetu, amekuja juu, maana baraza yake ndiyo ghala lake. Huyo tungeelewana naye. Nisiyemweza ni Mzee Nassibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akagusa mfuko wa shati. "Binti, kijana wa mzee mwenyewe amekataza. Nikimtoa mzee akaanguka tena, nitamjibu nini?"

Hata wazee wengine, walioanza kuzoea kutoka asubuhi, wamerudi vitini. Wanasema kama mtoto wa Pantaleo, msomi, kamkataza baba yake, basi lazima pana hatari.

Kura ya kamati juu ya pendekezo hilo itapigwa Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Nakuomba kwa heshima zote umpelekee Mzee Nassibu telegramu nyingine kabla ya siku hiyo. Isiwe fupi kama hizi mbili za kwetu. Na kama unaona nimekosea, nipigie mimi telegramu ya kunigombeza, nitaipokea.

Mama anawasalimu wote. Shangazi Severa wa Ilala anamsalimu wifi, na anasema kitenge alichoahidiwa bado anakingoja. Wabusu watoto. Mungu awalinde kazini na njiani, na akupe moyo wa kunisikiliza hata pale niliposema kwa ukali.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Candida

Haya nayaongeza posta, kwa kalamu ya kaunta. Nilipomaliza kuandika nilimsomea Baba barua nzima. Akaomba viatu vyake. Nilimkumbusha amri yako, akasema radhi atakuomba mwenyewe. Mama Indumati alipopita, alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Tumeketi baraza tatu. Ya nne ilikuwa ya Kasmir, imejaa magunia. Kasmir alitutazama, akavuta gunia moja pembeni. Sasa Baba amekaa kwenye benchi hapa nyuma yangu, jasho linamtoka, na safari ya kurudi bado. Ameniambia nikuandikie maneno yake bila kuongeza langu.

"Severine, nimefika. Nirudi nikakae, au niendelee?"