Kulungu Aliyefunga Lango

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi. Wiki mbili kwenye kambi ya macho, najitolea, najinyima, nalala kwenye godoro lililokonda kuliko mimi. Wazee mia tatu nimewasimamisha mbele ya bango la herufi – soma hii, soma ile, funika jicho la kushoto. Nimepewa cheti. Cha saba! Na fulana ya rangi ya chungwa, saizi ya kutosha watu wawili na mtoto.

Nikatua begi, moja kwa moja bustanini kusalimia mboga zangu. Mboga zipi! Spinachi imebaki vijiti. Maharage machanga yamekwisha, zimebaki kamba zake. Karoti zimeng'olewa nusu ya tuta. Kwato kila mahali, na vinyesi vya kulungu vimetapakaa kama gololi za watoto. Kilichosalimika ni pilipili tu.

Mstaafu – ndivyo ninavyomwita mume wangu tangu posta walipomuaga kwa keki na saa ya ukutani – alikuwa amekaa kibarazani, gazeti la juzi mkononi. Nikamuuliza, hukumwona? Akasema alimwona. Na hukumfukuza? Akasema mnyama naye ana njaa. Akafungua ukurasa mwingine.

Miaka thelathini na moja ya ndoa. Hotuba yake ndefu kuliko zote mwaka huu, na anamtetea kulungu.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekagua uzio nguzo kwa nguzo. Wavu mzima. Hakuna tundu la kupitisha hata kuku. Lango limefungwa, komeo mahali pake, na juu ya komeo waya umezungushwa mara tatu. Mara tatu! Kulungu gani huyu? Anavuka barabara kutoka msituni, anakula, anashiba, anatoka, halafu anafunga lango?

Jirani kachungulia juu ya ukuta kunipa pole, huku mdomo unapigana na kicheko. Eti alidhani tumeanza kufuga. Kufuga nini? Akasema aa, basi, akakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua. Saa tatu asubuhi! Yule mwanamke hata kamba yake ilikuwa tupu, naiona.

Mratibu wa kambi kapiga simu. Kambi nyingine inaanza Jumamosi, wiki tatu. Bila mimi mambo hayaendi, kasema. Anataka jibu kabla ya Alhamisi jioni. Nikamwambia nitafikiria. Uongo mtupu – fulana ilikuwa tayari kwenye maji.

Wakati wa chakula nikamwambia Mstaafu. Akasema, sawa. Basi. Sawa! Kama anapokea kifurushi cha mtu mwingine. Nilitaka agome kidogo, walau asonye. Sijui kwa nini iliniuma, maana angegoma ningemjia juu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata ushahidi.

Nyuma ya banda la majembe: beseni langu la bluu, lile zuri, limejaa maji safi. Jiwe la chumvi ya ng'ombe. Kigoda cha jikoni nilichokitafuta jana nusu saa nzima. Na karoti tatu, zimeoshwa, zimemenywa, zimepangwa kwenye sahani. SAHANI! Mimi mwenyewe, bwana huyu hajawahi kunimenyea hata kitunguu.

Moyo ulinienda mbio kama mwenye wivu. Wivu wa nini, na mwanamke mwenye kwato? Lakini ndivyo ilivyokuwa, niandike ukweli, daftari ni langu.

Nimeacha kila kitu kama nilivyokikuta. Mchana kutwa nimekuwa mpole kiasi kwamba Mstaafu aliniuliza kama naumwa. Kesho alfajiri nawafumania. Wote wawili. Sufuria na mwiko viko tayari.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika nimesimama, daftari kwenye ukingo wa dirisha la jikoni. Dirisha wazi. Kumekucha vizuri. Nimevaa ile fulana ya chungwa, ndiyo niliyoikuta karibu.

Mstaafu kafungua lango mwenyewe, anapapasa waya. Kulungu kaingia kama mpangaji mwenye risiti. Jike, sikio moja limechanika. Mzee wangu kamwambia, karibu bibie, umelalaje? Mimi mara ya mwisho kuulizwa nimelalaje sikumbuki.

Nikashika sufuria. Halafu akaanza kuongea.

Anaongea! Mstaafu! Anamwambia karoti leo ni ndogo, asamehe. Anamwambia nyumba ikiwa tupu saa ya ukutani inapiga kelele sana. Anamwambia jicho la kulia lilianza na ukungu kabla ya mwaka mpya, sasa na la kushoto limefuata. Gazeti halisomi tena, analifungua tu ili watu waone analisoma.

Nimeweka sufuria chini. Polepole.

Wazee mia tatu. Funika la kushoto, funika la kulia. Na huyu wangu nimemwacha na gazeti la juzi.

Anaendelea. Mama watoto amerudi, anasema, lakini Jumamosi anaondoka tena, kwa hiyo vumilia siku mbili tu bibie, tutakula kwa nafasi. Kasema bila ubaya wowote. Afadhali angekuwa na ubaya.

Simu inalia mezani. Mratibu huyo, hata jua halijachangamka. Kulungu kainua kichwa, kaniona, masikio yamesimama. Mstaafu naye kageuka. Hatua nane kati yetu, hazizidi – ndiyo umbali wa bango letu kule kambini. Ananitazama usoni kabisa. Nimeinua mkono.

Simu bado inalia.

Kamgeukia kulungu, kampapasa shingoni. Usiogope, anamwambia. Simu tu hiyo. Mwenyewe bado amelala.