Mafuta ya Chupa Moja ya Soda

Tata,

Baba yangu, nimeona nikuandikie, maana kaburini kwako kila nikienda namkuta Mama ameshafika, na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema mbele yake. Anakaa pale kwenye migomba nyuma ya nyumba yetu ya Lupepo, anang'oa majani ambayo hata hayajaota vizuri. Mimi nikisogea, anainuka na kuondoka. Hatusemeshani sawasawa tangu niliposema nilichosema pale sheli. Nitafika huko. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba nikianza habari naanzia mkiani.

Kazini nipo bado. Nasimama kwenye pampu ileile ya dizeli hapa Tukuyu, na ovaroli ileile uliyosema inanifanya nifanane na mtungi wa gesi. Mvua ya safari hii imekataa kukatika. Magari yanapanda kutoka huko chini Masoko yamelowa, ndizi zimelowa, madereva wamelowa, na ubishi wao ni uleule: la nani linakula mafuta, la nani linanusa tu. Nilidhani ukishaondoka wataacha, hata kwa heshima. Matanga hayajaisha walikuwa wameshaanza. Nilitamani kuwamwagia dizeli.

Unakumbuka mlivyokuwa mkinitesa, wewe na Mzee Salumu? Pikapu zenu mbili, zote za dizeli, zote zimenizidi umri. Zikiingia sheli, mwenzangu wa pampu ya petroli alikuwa anakimbilia chooni aniachie msala. Maana ninyi hamkujaza mafuta kama watu wengine. Lazima tairi la mbele likanyage ule ufa wa sakafu, ili tenki lisilalie upande. Nikishajaza, mnasubiri povu lishuke. Kisha mnashika bodi mnalitikisa gari, wazee wazima, mmoja na kofia yake ya kanisani, mwingine na kibalaghashia, mpaka hewa itoke na mafuta yaonekane mdomoni mwa tenki. Hapo ndipo mnaondoka. Mkirudi ni ufa uleule, kutikisa kulekule, na kile kitakachoingia ndicho gari lilichokula. Mkaniweka mimi kuwa refa, eti kwa sababu mkono wangu hautetemeki.

Na ubishi wenyewe ulikuwa mmoja tu. Mzee Salumu aliamini mteremko ni zawadi ya Mungu: ukianza kushuka weka nyutro, acha gari litembee lenyewe, injini ipumzike. Wewe ulisema gari likiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, pampu ya dizeli inajifunga yenyewe, mteremko ndio unaozungusha injini; lakini ukiweka nyutro, injini lazima ile kidogo ili isizimike. Halafu ulimalizia na lile lako: "Gari likiwa nyutro halina mwenyewe." Ulilisema kwa madereva vijana stendi. Ulilisema kwa Mama mezani. Ulilisema hata siku ya ubatizo wa mtoto wa kaka Ambakisye, mpaka mchungaji akakutazama. Ndiyo maana Mzee Salumu akakubandika jina la Mchungaji wa Gia, nawe ukamwita Shehe wa Nyutro, na yeye alicheka mpaka akakaa chini.

Tata, mimi nilikuwa napenda kuwasikiliza. Sikuwahi kukuambia. Nilijifanya nachoka.

Siku mliyoamua kuumaliza ubishi, mwenye duka mmoja wa Masoko alikuwa ameagiza saruji ya kutosha magari mawili. Mkaona bahati. Kila mmoja ashuke na saruji sawa, apande na ndizi sawa, yeye na nyutro yake, wewe na gia yako. Atakayeshindwa ataiosha pikapu ya mwenzake kwa sabuni, palepale sheli, watu wakiangalia. Mzee Salumu akatangulia asubuhi. Aliporudi nikajaza, tukatikisa, pampu ikasimama. Ukaja ukainamia ile namba, ukaitazama muda mrefu.

Ilikuwa namba nzuri mno. Na pikapu yako, samahani Tata, kila mtu alijua nozo zake za kupulizia mafuta zimechoka. Ilikuwa inatoa moshi hata ikiwa imesimama. Uendeshe kwa gia au kwa maombi, isingeifikia ile namba. Ulilijua hilo kuliko sisi sote. Lakini watu walikuwa wamejaa, vijana wanakenua, ndoo ya kuoshea imeshawekwa karibu. Ukasema, "Haya." Ukaniambia, "Usinipunje hata tone." Ukampakia Mama Atupele, yule anayekuletea ndizi, akae mbele na wewe, ukaondoka. Hilo la tone ndilo neno la mwisho nililosikia kutoka kwako. Mtu unalea binti miaka yote hiyo, halafu unamuaga kwa habari za dizeli.

Hukufika Masoko. Pikapu ilipita kona ya chini kabla ya daraja bila kukata, ikapinduka bondeni na saruji yote. Tulikukuta umefunikwa unga ule wa kijivu, na mvua ilikuwa imeanza kuugandisha. Mama alikusafisha uso kwa khanga yake. Alikuwa anakwangua kidogokidogo. Nikimwona leo anang'oa majani kaburini, naikumbuka mikono ile.

Msibani watu walianza kunong'ona kwamba labda mzee alishuka nyutro. Mama akasimama mbele ya waombolezaji wote, yeye asiyesimama hata kwenye vikao vya kwaya, akasema mume wake hakuwahi kushuka nyutro maisha yake yote, na siku ile alikuwa kwenye gia. Breki ndizo zilizomsaliti. Ulizikwa na heshima yako. Mzee Salumu alikuwa amesimama nyuma kabisa, chini ya mvua, hakufungua mwavuli aliokuwa ameushika.

Sasa nikupe lile linalonikaba.

Mama Atupele alilazwa hospitalini hapa Makandana, mguu umevunjika. Nilikwenda kumwona na uji. Aliomba wauguzi watoke, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti yake ileile ya Masoko: "Gwe mwanangu, mimi siwezi kufa na hili. Tulipofika pale juu baba yako akasema, mama tulia, leo namfunga mdomo Salumu. Akasogeza kile kijiti, gali likanyamaza."

Gari likanyamaza. Halafu, anasema, lilianza kukimbia. Ulikanyaga breki mpaka zikanuka, kisha pedali ikaenda chini yote bila kushika. Ukataka kurudisha gia, ikalia kama chuma kinachosagwa, ikakataa kuingia. Ulipiga honi muda wote, watu wa chini wapishe. Walipisha. Hukumuua mtu, Tata, hilo walikushukuru.

Nilitoka pale na chombo cha uji mkononi sijui nakwenda wapi. Nilikukasirikia. Nakukasirikia mpaka sasa hivi ninapoandika. Ulituhubiria gia sote, halafu namba moja ya Mzee Salumu ikakutia shaka, ukadanganya kwa nyutro ili gia ishinde. Ni nani mwingine duniani angefanya kitu kama hicho? Nilicheka barabarani, nikalia hapohapo, muuza karanga akaniuliza kama naumwa.

Nilitaka ninyamaze. Mama alikuwa amekufunika vizuri, mimi ni nani nikufunue? Ningenyamaza kabisa kama si madereva. Unajua walichojifunza kutokana na msiba wako? Walijifunza kwamba Mchungaji wa Gia alikuwa kwenye gia na bado alikufa, kwa hiyo gia haiokoi mtu. Hata wale uliokuwa umewashika wakakuacha. Wote sasa wanashuka nyutro. Asubuhi moja kaka Ambakisye akaingia na pikapu aliyopewa na tajiri mmoja aiendeshe, amejaza mbolea ya kupeleka Masoko, akaniambia nijaze vizuri maana leo anaenda kushuka kwa bei poa, nyutro mpaka darajani. Nikamwuliza, hata wewe? Akasema, "Dada, gia ilimsaidia nini Baba?"

Mwanao, Tata. Na mteremko uleule.

Nikalirudisha bomba la pampu mahali pake. Nikamwambia, mbele ya madereva wote waliokuwa kwenye foleni, na Mzee Salumu akiwemo: "Baba hakuwa kwenye gia. Baba aliweka nyutro. Ndiyo maana amekufa." Sikupaza sauti. Nikawaeleza yote, kijiti, honi, gia iliyokataa. Kaka akazima gari, akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Mzee Salumu akatoka bila kujaza mafuta.

Habari ilifika Lupepo kabla yangu. Mama alikuwa jikoni. Hakugeuka. Alisema, "Mara ya kwanza tulimzika na watu. Hii ya pili umemzika peke yako." Tangu hapo nikipika hali. Nikimsalimia ananijibu kama anayejibu mpita njia. Sijui kama atanisamehe, na sitakudanganya kwamba dalili zipo. Lakini kaka anashuka na gia ya pili. Namwona jioni anarudi, namhesabu kama unavyohesabu kuku wakiingia bandani.

Kuna jambo moja tena, kisha nikuache.

Mzee Salumu hakuonekana sheli kwa muda. Siku aliyorudi alikanyaga ufa bila kuambiwa, na nyuma alikuwa na saruji, kiasi kilekile cha siku ile. Akasema nijaze. Tukalitikisa gari wawili, mimi na yeye, na nilihisi upande wako uko wazi. Akashuka Masoko na gia, mguu juu, akapanda na ndizi kama zile, akarudi. Safari hii gari ni lilelile na dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni gia tu. Nikajaza mpaka mafuta yakaonekana, pampu ikasimama, na namba ya siku ile sijaisahau na yeye hajaisahau.

Gia ilikuwa imekula pungufu.

Si kwa sana. Wabishi watasema ni povu, au upepo, au Mzee amezeeka anakanyaga kidogo. Mwenyewe akaomba aione ile tofauti kwa macho. Nikachukua chupa tupu ya soda, nikamimina dizeli kwa kadiri ya namba ilivyopungua. Haikufika shingoni. Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Kwa hiki?"

Ulikuwa na haki, Tata. Miaka yote ulikuwa na haki, na siku ya kuithibitisha hukujiamini.

Pikapu yako ipo nyuma ya gereji, hapahapa Makandana, imelala ubavu, boneti haipo. Mama alikataa iuzwe chuma chakavu. Jana nilipita kumpelekea fundi ujumbe, nikasikia maji. Mzee Salumu alikuwa amekunja suruali, ana ndoo na sabuni ya unga, anaiosha. Alianza na mlango wako. Saruji imeganda kwenye vioo vilivyobaki, alikuwa anaikwangua kwa ukucha. Madereva vijana walikuwa wamesimama kwenye ukuta, hakuna aliyecheka, hakuna aliyekenua. Nilitaka nimwambie inatosha. Akaniona, akasema, "Mwanangu, niache. Nimeshindwa mimi." Akaenda kubadilisha maji.

Basi lala, Tata. Sitakuja na maua, unajua hayadumu kwenye mvua hii. Ila kila gari la zamani litakalokanyaga ule ufa, kabla sijafunga mfuniko wa tenki, dereva atasikia habari zako, zote, pamoja na ile ya juu ya mteremko. Wataniona nakuaibisha. Wewe utajua ninafanya nini. Na Mama nitaendelea kumpikia, ale asile.

Ndaga, Tata. Asante kwa yote.

Mimi refa wako,
Tusekile