Gunia la Maranda

Ijumaa, tarehe 9.

Na bado alikuja na gunia. Mama Njoki, jirani aliyezungusha karatasi ya sahihi mtaa mzima wa Muthangari akisema vumbi la karakana yangu linamletea mtoto wake pumu, hadi nikaamriwa kuihamisha, alitukuta tukipakia msumeno kwenye lori.

"Pole, fundi. Sasa kuku wangu nitawatandikia nini?"

Kila Jumamosi nimekuwa nikimpa maranda ya mbao bure. Nikageukia kamba za lori.

Kule Rongai ninakohamia sijui kama wateja watanifuata. Otieno, mpiga randa wangu tangu miaka kumi na moja iliyopita, hawezi kuhama; watoto wake wanasoma huku. Leo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Alilichukua lile gunia, akalijaza, akalishindilia kwa mguu, akambebea Mama Njoki hadi langoni kwake.

Mimi nisingeweza.