Dakika Tatu Nilizozihesabu

Mtaa wa Shubra,
Kairo.
14 Novemba 1991

Mpendwa wifi yangu Tahani,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo Kamal na watoto. Vipi magoti yako? Nasikia huko Melbourne joto ndiyo kwanza linaanza, wakati sisi tumeshatoa mablanketi kabatini. Huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu.

Mama yako hajambo, ila hali chakula tena nasi mezani. Hukaa jikoni na sahani yake mapajani. Nikimwita, hunijibu kwamba meza imekuwa kubwa mno. Juzi nilipika mboga ya mlokhia na sungura, akaonja vijiko viwili, akasema chumvi imezidi, akairudisha sahani.

Nirmin anaendelea na shule. Baridi ilipoanza aliichukua sweta ya kijivu ya baba yake, na huivaa kila siku, mikono ameikunja mara tatu. Simkatazi.

Barua yako ya Septemba ilifika. Imekaa juu ya friji miezi miwili, na kila nikifungua friji naiona. Uliniuliza ndugu yako Rushdi alikufaje. Ulisema kila mtu amekuandikia kwamba alifia kazini, kana kwamba hiyo ndiyo habari yenyewe. Una haki ya kuuliza. Sikuweza kujibu, lakini mwezi uliopita kazini yalinipata mambo ambayo siwezi kukusimulia bila kukujibu na hilo. Basi soma polepole, dada yangu.

Kazi yangu ya televisheni unaijua kwa jina, hukuwahi kuiona. Watu wa kamera wako chini ukumbini, sisi tuko juu kwenye chumba chenye skrini, kila kamera na skrini yake. Mwongozaji hukaa katikati, ndiye anayechagua picha ipi iende hewani. Kushoto kwake alikaa Mahrus, anayebonyeza vitufe vya kubadilisha picha. Kulia nilikaa mimi, na karatasi za kipindi na saa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kurudi nyuma: zimebaki dakika tano, zimebaki sekunde thelathini, kumi, tisa, nane. Wote huisikia hesabu masikioni. Wapiga kamera hawaruhusiwi kujibu kwa mdomo, kwa hiyo wakiitikia huinamisha kamera na kuiinua, kama kichwa cha mtu.

Mhesabu hanyamazi. Hiyo ndiyo sheria. Watu wagombane, taa ipasuke, yeye anahesabu, maana hesabu ikikatika kipindi kizima kinapotea njia. Rushdi, mwongozaji wetu, ndiye aliyenifundisha, miaka kumi na sita iliyopita, kabla hajanioa, kabla hajalijua hata jina la baba yangu. Aliniambia, "Hata paa likituangukia, binti, wewe hesabu."

Siku ile ya tarehe kumi Julai tulikuwa hewani moja kwa moja na kipindi cha akina mama. Mpishi alikuwa anafunga wali kwenye majani ya mzabibu. Nilisema zimebaki dakika tatu. Rushdi akasema, "Kamera ya kwanza, jiandae." Kisha hakutoa amri ya kubadilisha. Nilimtupia jicho la pembeni. Ameegemeza kiwiko mezani, kiganja kipajini. Ndivyo alivyokuwa akikasirika, na wewe unamjua. Mahrus akabadilisha picha mwenyewe, kimya kimya. Mimi nikahesabu.

Nilihesabu dakika zote tatu, Tahani. Sikuruka hata sekunde moja. Muziki wa mwisho ulipokatika nilimgeukia nimwambie tumemaliza sawasawa na saa. Alikuwa bado na kiganja kipajini, na alikuwa ameshaondoka.

Daktari aliniambia moyo ulisimama, na dakika tatu zisingebadilisha kitu. Ni mtu mwema, na alikuwa na foleni ya wagonjwa mlangoni.

Mama nilimwambia yalimkuta baada ya kipindi kwisha. Watu wote niliwaambia hivyo. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa ilivyokuwa.

Baada ya arobaini wakubwa waliniita. Walisema kazi naijua, basi nisomee uongozaji kwa wiki sita kisha nifanye mtihani. Nikifaulu nitapewa kiti cha mwongozaji, nikishindwa nitahamishiwa ghala la kanda za picha, chini kabisa ya jengo. Nilikubali, kwa sababu sikuweza tena kukaa mkono wa kulia wa mtu mwingine na kuhesabu.

Aliyetufundisha ni Ustadh Lutfi, mzee mstaafu asiyeacha kutafuna mbegu za tikiti. Tulijifunza kuita kamera kwa namba, si kwa jina la mtu. Tulijifunza kutoa tahadhari kwanza, amri baadaye. Mimi alinigombeza zaidi kwa kuikodolea macho picha iliyo hewani. "Hiyo imeshakufa, mama! Tazama inayokuja!" Kisha akakumbuka anasema na nani, akakohoa, akanisogezea karatasi yake ya mbegu.

Siku ya mtihani walinipa kamera tatu, mwimbaji, mpiga udi na wageni wawili. Niliongoza vizuri hadi msichana aliyekaa kulia kwangu, Rabab, aliposema zimebaki dakika tatu. Nikasema, "Kamera ya kwanza, jiandae." Halafu, wifi yangu, nikaanza kuhesabu pamoja naye. Mdomo ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nangoja mtu atoe amri, kama nilivyongoja miaka yote. Mpiga udi alishanyanyuka, na picha iliyobaki ni ya kiti chake kitupu. Kamera ya kwanza ilikuwa inainama na kuinuka, inainama na kuinuka, kunikumbusha kwamba iko tayari.

"Mama Nirmin," Mahrus akasema, "tukifika sifuri tunaruka mwezini, au tunakwenda kula?"

Chumba kizima kikacheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka, na wengine nao wakaacha.

Ustadh Lutfi alisema, "Una wiki moja. Jumatano ijayo uongoze, au ukapanguse vumbi la kanda."

Mchana ule Mahrus alinifuata ukumbini na glasi mbili za chai. Akasema, bila kunitazama, "Siku ile mimi nilidhani Rushdi amenikasirikia. Asubuhi tuligombana kwa ajili ya mpira, nikaapa moyoni, leo simgeukii huyu." Tukanywa chai, nikamrudishia glasi.

Jumatano ya pili, kabla hatujaanza, nilisema kwenye kipaza sauti ili wote wasikie: "Rabab, mwanangu, ukiona nimenyamaza sekunde tano, acha kuhesabu. Nigeukie. Nishike bega."

Ustadh Lutfi alitema ganda. "Hakuna kitu kama hicho! Mhesabu haachi! Nani kakufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha, Ustadh."

"Kipindi kikiharibika?"

"Kiharibike."

"Mwache, mzee," Mahrus akasema. "Vitufe vina mtu, mimi nipo."

"Nakukata alama, mama. Nyingi."

"Kata, Ustadh."

Tukaanza. Zikabaki dakika tatu. Nikasema, "Kamera ya kwanza, jiandae," na ulimi ukaganda. Zikapita sekunde tatu, nne, na kwa pembe ya jicho nikaona kichwa cha Rabab kinaanza kugeuka. Nikasema, "Badilisha!" Mahrus akabonyeza. Nilimaliza kipindi. Picha mbili nilizichelewesha, na mwimbaji nilimkata katikati ya pumzi.

Nilifaulu kwa alama chache. Ustadh Lutfi aliandika kwamba amri yangu kwa mhesabu isiigwe na mtu yeyote. Nimepewa kipindi cha wakulima, kinachorekodiwa Jumanne na kurushwa wakati wakulima wote wako mashambani. Nimeshafanya Jumanne tatu. Kila mara kabla ya kuanza narudia amri yangu, na vijana hunijibu, "Tumesikia, mama, tumesikia," kama wanavyomjibu mama anayewakumbusha sweta. Waseme wanavyotaka, mradi wageuke.

Usidhani nina furaha. Zamani tulikuwa tukirudi pamoja kwa miguu, ananihesabia makosa ya kila mtu, na mimi namhesabia yake. Sasa natembea njia ile ile na makosa yangu, na sina wa kumwambia. Mungu anisamehe, kuna siku natamani ningeshindwa, nikakae huko chini na kanda.

Basi umejua, Tahani. Sikuombi uniambie sina kosa, hilo daktari alishasema. Ukikasirika, kasirika, una haki, ila usiache kuniandikia. Na Mama usimwambie maadamu yu hai.

Nisalimie sana Kamal, na Sami na Hoda, waambie binti wa mjomba wao anawakumbuka. Jirani yetu Bi Fikriya anakusalimu, bado anamlalamikia kila mtu habari za lifti. Mama anakubusu macho yote mawili. Mungu awalinde ugenini, awape riziki ya halali na usingizi mzuri.

Ukimwombea ndugu yako, usinipite. Nitaje na mimi.

Wifi yako akupendaye,
Inshirah