Darlene na Kengele Yake

Jorien, acha kila kitu unisikilize.

Si unamkumbuka Darlene, jirani yangu huku Ohio, Marekani? Miezi minane, kila tukionana: "Mpenzi, pita kwangu siku yoyote!" Basi leo nikaoka keki ya tufaha, nikaenda.

Nikabonyeza kengele, hizi zao za kamera na spika. Spika ikawa wazi bila wao kujua, namsikia Darlene anamwambia mumewe: "Usifungue! Ni yule jirani Mholanzi. Amekuja KWELI!"

Amekuja kweli! Wakacheka, Jorien. Nami nimesimama na keki.

"Si aiache hapo chini aende zake," mume akasema.

Ghafla sauti ya Darlene ikawa asali: "Mpenzi! Tumetoka, pita siku yoyote!"

Nikainamia kamera: "Sawa. Kesho saa nne kamili asubuhi."

Keki nimerudi nayo.