Kompyuta ya zamani niliipiga risasi

Merv, najua uko Brisbane na huwezi kunisaidia. Soma tu. Nimeharibu kila kitu.

Ile laptop mpya imefika asubuhi. Kioo kinang'aa mpaka Lorraine akasema, "Mume wangu, naona hadi kupe kwenye picha ya dume letu la kondoo." Clem mkata manyoya akaguna, "Dola elfu tatu! Kwa bei hiyo ingenyoa kondoo yenyewe." Tukacheka. Nikaiweka ile ya zamani juu ya nguzo ya uzio, nikaipiga risasi. Niliipiga risasi, Merv. Wakata manyoya wote wakashangilia.

Ndipo nikataka kuunganisha mzani. Uzito wa kondoo wote mia nne umo humo, na hautoki bila ule waya mpana unaochomekwa kwenye kompyuta. Nikaigeuza hii mpya huku na huku. Ina vitundu viwili tu, vyembamba kama ukucha.

Clem akauliza, "Bosi, matundu mengine wameyaficha wapi?"

Hayapo! Wameyaondoa ili iwe nyembamba.

Mnada wa kondoo unafunga orodha saa sita, na bila uzito hawawaandiki. Sasa ni saa tano na nusu, na duka la karibu liko kilomita mia tatu. Mnada mwingine ni baada ya wiki sita. Nyasi zimekwisha, bwawa limebaki tope. Kondoo hawatafika huko wakiwa hai.

Nimeenda kuiokota ile ya zamani. Tundu la waya ni zima, halina hata mkwaruzo. Risasi imepita katikati kabisa.

Lorraine kaiangalia, akasema, "Miaka ishirini unawakosa mbweha. Leo ndiyo umelenga."